Gazeti Lilimzaa Mbuyi, Likamwacha Kabanga

Élisabethville, siku ya posho.

Joto la kuchosha. Mawingu yamejaa juu ya kiwanda tangu asubuhi, mvua inakataa kushuka, na moshi wa shaba umelala chini hata unausikia uchungu wake kwenye ulimi. Hapa Kenya, mtaa wetu wa Élisabethville, leo kila mtu ana hasira bila sababu. Mimi sababu ninayo.

Asubuhi nilipoamka nilikuwa na kitu kimoja tu duniani chenye jina langu lililopigwa chapa. Nimerudi nyumbani bila hicho kitu. Na aliyenipokonya si mwizi wala polisi, ni mama yangu mzazi, na mkasi niliushika mimi mwenyewe.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana hasira ikishika kalamu huanzia mwisho.

Ugonjwa wangu ni huu: ninapenda kuandika mambo ya kweli. Mchana ni karani wa ghala mjini, ninaandika misumari na mapipa. Kazi ikiisha, bwana wangu ananiachia mashini ya kuandika, na hapo ndipo ninapoandika watu. Nimeandika juu ya fundi wa baiskeli wa karibu na soko, anayewatukana wateja wake na kuwatengenezea vizuri kuliko fundi yeyote mwenye adabu. Nimeandika juu ya wanawake wanaongoja zamu ya maji kwenye bomba, na vita vinavyoanzia pale na kumalizikia nyumbani kwa waume zao. Vitu nilivyoviona kwa macho, na namna vilivyonigusa moyoni. Basi.

Hakuna anayevitaka.

Kila mkubwa wa gazeti ananiuliza swali lile lile: hii ni hadithi ao ni habari? Kama ni hadithi, sungura yuko wapi? Kama ni habari, nani amekufa, nani amepandishwa cheo? Nikisema ni jambo la kweli lililoandikwa kwa moyo, wananitazama kama mtu aliyeingia kanisani na mbuzi. Wananirudishia karatasi zangu kwa upole. Huo upole wao ndio unaoniua. Angekuwepo mmoja wa kunitupia karatasi usoni, ningejua amezisoma.

Sasa, Albertina.

Albertina ni mdogo wangu, tumbo moja. Anakaa kampini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni, na mume wake, anayefanya kazi kwenye tanuru. Kipwa kilichopita, wakati wa kiangazi, alizaa mapasa, watoto wanaume wawili. Sisi watu wa Kasai hatuna kazi ya kutafuta majina ya mapasa: wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga, imekwisha. Na shemeki yangu, tangu siku hiyo haitwi tena kwa jina lake la ubatizo, anaitwa Shambuyi, baba wa Mbuyi, hata kapita wake, msimamizi wa kazini, anamwita hivyo.

Siku ile nilikuwa nje ya lopitalo. Mbuyi alitoka mapema, analia kama mtu mwenye haki. Tukapiga makofi. Kisha tukangoja. Kabanga hakuja. Jua likapanda, masera, yule mtawa anayezalisha, akatoka na kuingia bila kutuangalia, na nikaona uso wa Mama umekauka. Mama Ngalula, jirani wa Albertina, mwanamke mkubwa wa sauti na wa mwili, akaondoa kitambaa kichwani, akakifunga kiunoni, akaanzisha nyimbo za mapasa.

Nyimbo hizo hazifundishwi shuleni. Ni matusi. Yanatukanwa mambo ya baba na mambo ya mama, kila kiungo kwa jina lake, mchana kweupe, na watoto wa watu wanasikia. Kwa sababu mapasa ni wakubwa, na wakubwa hao hawataki heshima ya kinafiki. Wanapenda kupokewa kwa matusi na kicheko. Ukiwapokea kwa kunyamaza wanasema hapa hatutakiwi, wanarudi walikotoka.

Wanawake wakaitikia. Masera akatoa kichwa dirishani, akasema hapa ni nyumba ya wagonjwa, nyamazeni. Mama Ngalula hakunyamaza. Alimwingiza masera ndani ya wimbo. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na tai yangu, na wakati huo huo nilikuwa nacheka hata machozi yanatoka. Ndipo tukasikia kilio cha pili ndani, kidogo, chembamba. Kabanga.

Nani angeona hayo asiyaandike?

Niliyaandika yote. Nusu ya kwanza ni Mbuyi, nusu ya pili ni kule kungoja, na nyimbo, na Kabanga. Sijawahi kuandika kitu bora kuliko hicho na ninasema bila aibu. Nikakipeleka kwa gazeti la kampuni, lile linalogawanywa bure kampini pamoja na posho. Mkubwa wake ni mzungu mmoja ambaye wafanyakazi wamempa jina la Bwana Kipimo, kwa sababu hasomi andiko, analipima kwa rula. Anaweka rula juu ya karatasi yako, anaweka rula juu ya nafasi yake, anatikisa kichwa. Safari hii hakutikisa kichwa. Alisema watoto wachanga wanapendeza. Nilitoka pale nikitembea juu ya mawingu. Sikuuliza anapendezwa na wangapi.

Gazeti likatoka. Jina langu, Léonard Mulumba, kwa herufi nzito. Juu yake kichwa cha habari ambacho si changu: «Furaha ya mama». Na chini yake Mbuyi wangu anazaliwa, analia kwa nguvu, tunapiga makofi, mama na mtoto ni wazima. Kisha mstari. Kisha picha ya sabuni.

Kabanga hakuzaliwa. Alikatwa kwa rula ili sabuni ienee.

Sasa mtu asiye wa kwetu atasema: ndivyo magazeti yalivyo, pole. Lakini mapasa hawatengwi hivyo. Ukimletea mmoja kofia, unamletea na mwingine kofia. Ukimsalimia huyu, unamgeukia yule na kumsalimia. Ukimpiga mmoja kwa kosa lake, yule asiyekosa naye anapata kofi lake dogo, asije akajiona amesahauliwa. Mgeni anayeingia na zawadi moja tu anabaki mlangoni nayo. Na mimi, mujomba wao, nilimpa Mbuyi gazeti zima, mbele ya kampi nzima, nikamnyima Kabanga.

Kampini kuna katekista mzee anayewasomea watu gazeti siku ya posho, kila mmoja na mfuko wake wa unga miguuni. Alisoma kwa sauti ya kanisani. Albertina alikuwa amekaa mbele na watoto wote wawili, amevaa kitenge kipya, kwa sababu nilikuwa nimejigamba wiki nzima. Alipofika kwenye mstari, katekista akageuza ukurasa, akaanza kusoma habari za mpira. Wanawake wakamtazama Kabanga.

Albertina aliniuliza swali moja tu, pale pale, kwa sauti ya chini, akiniita yaya kama mdogo anavyomwita kaka yake.

«Yaya, mutoto wangu wa pili iko wapi?»

Nilianza kumweleza mambo ya rula. Alisimama, akaenda zake.

Wiki ile ile Kabanga akashikwa na homa, akaanza kukataa ziwa. Mbuyi ananyonya kwa wawili, Kabanga anageuza uso ukutani. Albertina akafunga mlango. Kila nikipita kumwona naambiwa na majirani kwamba amelala, na ninamsikia ndani akitwanga.

Mimi ni mtu niliyesoma. Nilimwambia Mama kwamba huu ni wakati wa homa kwa watoto wote, kwamba lopitalo wametoa dawa, kwamba karatasi haiwezi kumtia mtu ugonjwa. Nikaongeza hoja niliyoiona kali: hata mila yenyewe inamwita Albertina Mwambuyi, mama wa Mbuyi, Kabanga hatajwi, na hajaugua kwa ajili hiyo. Mama akanijibu kwamba mila ina ruhusa yake. Wewe, akauliza, ruhusa umepata kwa nani?

Na ukweli ni kwamba nilikuwa ninaogopa kama wao. Wiki hiyo, kila nilipomwota Mbuyi nilijilazimisha kumwota na Kabanga kabla sijaamka. Usimwambie mtu.

Basi nikaanza kutafuta mahali pa kumzalisha Kabanga.

Nilirudi kwanza kwa Bwana Kipimo. Nilikuwa nimevaa vizuri, nimejipanga, nikamweleza kwamba kuna sehemu ya pili, kwamba familia ina huzuni. Alinisikiliza. Alichukua hata rula. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha:

«Mutoto moja inatosha.»

Mwezi unaokuja, akaeleza, kuna mashindano ya baiskeli.

Nilimjibu asante. Nilimjibu asante! Nimetembea kutoka mjini hadi Kenya nikiisaga hiyo asante kwenye meno.

Kutoka kwake nikaenda misheni. Padri anayetoa gazeti la misheni ni mzee mwema mwenye ndevu, aliyenifundisha kuandika nikiwa mdogo, na nilijua atasoma. Alisoma kweli, hadi mwisho, na akacheka mahali pa masera, nilimwona, ingawa alijificha kwa kukohoa. Akasema atachapa yote, mapasa wote wawili, bila kukata hata mstari. Neno moja tu. Zile nyimbo ziondoke, na mahali pake wanawake wasali Salamu Maria. Nikamwambia: Padri, hawakusali Salamu Maria. Akasema ndani ya mioyo yao bila shaka walisali, na kwamba siku ya Mungu hata kweli inavaa nguo nzuri.

Nilimwomba nafasi ya kufikiri.

Nikajaribu lile gazeti kubwa la Kifaransa la Léopoldville, nililokuwa nimeliandikia zamani kidogo. Jibu lao lilikuja, karatasi laini, maneno matamu. Wamependa sana. Ila lopitalo ya matofali haina ladha ya Afrika. Je, siwezi kuwazalisha mapasa kijijini, karibu na moto, na kuweka mzee mmoja wa kueleza maana ya mapasa tangu wakati wa mababu? Na methali, tafadhali. Methali nyingi kidogo.

Mnataka methali? Haya: kila mwamba ngoma huvutia kwake. Albertina hajawahi kuzaa kijijini. Hata mbuzi wa kijijini hawajui vizuri. Alizaa lopitalo, kitandani, chini ya taa ya umeme, na wanawake waliimba karibu na ukuta wa matofali, na kama huo si wa kwetu basi sijui sisi ni wa nani.

Aliyenivunja moyo kuliko wote ni Cyprien.

Cyprien ni rafiki yangu tangu shule, na ni katibu wa cercle yetu, chama cha watu waliosoma. Cercle ina karatasi yake ndogo ya kila mwezi, anaipiga chapa yeye mwenyewe, vidole vinabaki na wino mpaka wiki nyingine. Nilifikiri: huyu ni mtu wa kwetu, sitahitaji kumweleza neno mapasa. Na kweli sikumweleza. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye nyimbo, akaenda kufunga mlango, ingawa jengo lilikuwa tupu.

Aliongea kwa kunong'ona. Aliniuliza kama nimesahau kwamba tumeomba ile karatasi ya kutambuliwa kuwa watu waliostaarabika. Kwamba watakuja wazungu nyumbani kwetu kuangalia kama tuna uma na kama tunalala juu ya shuka. Wanatafuta sababu ya kukataa, akasema, na wewe unataka kuwapa mama zetu wanaimba uchi wa watu chini ya dirisha la masera?

Nitasema kweli, yalinichoma. Mimi nami nina uma. Nimeziweka kwenye sanduku la mbele, zionekane.

Lakini kitu kilichonikera ni kwamba Mama Ngalula, yule aliyefunga kitambaa kiunoni akaanzisha, ni mama yake Cyprien. Alimtambua tangu mstari wa kwanza. Alinirudishia karatasi bila kuniangalia, nikazikunja nikatoka, maana neno ambalo ningesema lingevunja urafiki.

Hapo ndipo nilipolegea. Jana habari zilifika kutoka kampini kwamba Kabanga amekonda, mbavu zinahesabika. Nikajiambia: Léonard, heshima ya kalamu ni nini mbele ya mtoto? Nikaketi kwenye mashini, nikaondoa nyimbo, nikaondoa kitambaa cha kiunoni, nikaondoa masera dirishani. Nikaweka Salamu Maria. Ilienda haraka sana, kama orodha ya misumari. Wanawake wangu wakapiga magoti kwenye majani, mikono imekutana, na Kabanga akatoka kwa adabu.

Leo asubuhi, kabla ya kwenda misheni, nikapita kwa Mama nimsomee. Nilitaka anipe baraka. Ao anisamehe, sijui.

Mama hajui kusoma lakini anajua kusikiliza, hilo ni jambo jingine kabisa. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilisoma Mbuyi, akatikisa kichwa, ndiyo. Nilisoma kungoja, akaacha maharagwe. Nilisoma Salamu Maria. Aliningoja nimalize hadi nukta ya mwisho, kisha akasema polepole, kama mtu anayemrudishia mwenzake chenji yenye makosa:

«Uyu Kabanga yako alizaliwaka wapi? Haiko ule wa kwetu.»

Na akarudi kwenye maharagwe yake.

Nikakasirika. Nikamwambia Mama, sasa mnataka nini? Gazeti linataka mmoja. Padri anataka wawili lakini watakatifu. Léopoldville wanataka kijiji. Cyprien anataka tunyamaze. Na ninyi mnataka nyimbo, na nyimbo hazina gazeti katika Kongo nzima, nimetafuta. Nilisema kwa sauti ambayo mtoto hamsemeshi mama yake. Hakunikemea. Aliniuliza tu lile gazeti la Mbuyi liko wapi.

Liko wapi! Liko ukutani kwangu, nyuma ya kioo, mahali ilipokuwa picha yangu ya kumaliza shule. Niliitoa picha nikaweka gazeti. Nilipewa moja tu, yaliyobaki watu wa kampi wameshafungia karanga na samaki.

«Lilete,» akasema. «Nguo ikikuwa moja, inapasuliwa.»

Nilielewa mara moja, na nikajifanya sielewi. Lakini kila mtu wa kwetu anajua. Ukikuta mapasa wawili na kitenge kimoja, na dukani hakuna kingine kama hicho, huendi kutafuta maneno. Unakipasua katikati, kila mmoja kipande, sawa kwa sawa, hata kama hakitamfaa yeyote. Nilimwambia Mama kwamba hilo ni gazeti, si nguo. Nikamwambia ni kazi yangu ya kwanza kupigwa chapa, na labda ya mwisho. Akasema ndiyo maana.

Nikarudi kwangu kulichukua, tukaenda kampini, Mama mbele, mimi nyuma na kioo changu kwapani.

Ilikuwa saa ya posho, watu wengi nje. Mama aliita mlangoni kwa Albertina, si kwa kuomba. Mlango ukafunguka. Sikuwa nimemwona dada yangu tangu lile swali lake. Amekonda yeye pia. Kabanga alikuwa mgongoni, amelala namna ile ya watoto wagonjwa, kichwa kimeanguka upande. Mbuyi alikuwa kwenye mkeka, mnene, hana habari.

Nilifikiri tutakata karatasi na kwenda. La. Mama aliketi uani akasema nisome kwanza sehemu iliyobaki, ile ya kwanza niliyoandika, si ile ya magoti. Kwa bahati, ao kwa kiburi, huwa ninatembea nayo mfukoni. Nikasoma nimesimama. Wanawake wakasogea na mifuko yao ya unga.

Na unadhani walinisikiliza kwa machozi? Thubutu. Walianza kunisahihisha! Mmoja akasema masera hakutoa kichwa, alitoa mkono. Mwingine akasema yeye naye alikuwepo, kwa nini simo? Mwingine alikuwemo akataka atolewe, kwa sababu mume wake hajui kwamba siku hiyo hakwenda shambani. Wakabishana juu ya wimbo upi ulianza, na ili kunionyesha kosa langu ikabidi wauimbe, na walipouimba ikabidi waumalize. Shambuyi, shemeki yangu, aliyekuwa anarudi kutoka kazini, alitukanwa tangu kwenye kona ya nyumba hadi mlangoni kwake, na akapokea matusi yote kwa kuinamisha kichwa na kucheka, kama inavyompasa. Nimehangaika wiki zote hizi na wakubwa wa magazeti, kumbe wakubwa wenyewe ni hawa, na ni wabaya zaidi.

Nilipomaliza, Mama Ngalula alinishika mkono. Nilidhani ataniambia nifute jina lake, kama mwanawe alivyotaka.

«Andika jina yangu,» akasema. «Yote. Na umwambie Cyprien ni mama yake njo alianzisha.»

Sijui nitamwambiaje Cyprien. Nitafurahi kumwambia.

Kisha Albertina akaleta mkasi wake wa kushonea. Hakuna aliyenisukuma. Niliutoa ukurasa nyuma ya kioo, nikaukunja katikati ili usiwe na mkubwa na mdogo, nikakata. Mkasi ulipita kwenye jina langu. Léonard alikwenda upande mmoja, Mulumba upande wa pili. Sabuni nayo iligawanyika. Mama akazipima nusu mbili kwa kuziweka moja juu ya nyingine, akapunguza uzi wa karatasi uliozidi upande wa Mbuyi. Bwana Kipimo angemwajiri.

Ilinichoma, nakuambia. Nilisikia kila pigo la mkasi hapa kifuani.

Albertina akamshusha Kabanga mgongoni, akamlaza karibu na ndugu yake, akawapa, huyu kipande chake, huyu kipande chake, kwa mikono miwili na kwa wakati mmoja. Mbuyi alikitupa. Kabanga alifungua macho, akakishika, akakiangalia muda mrefu kuliko mkubwa yeyote wa gazeti alivyowahi kuangalia andiko langu, kisha akakitia mdomoni. Mulumba mzima na herufi zake nzito. Albertina alicheka. Alikitoa taratibu kwenye mdomo wa mtoto, akampa ziwa badala yake, na mtoto akavuta kidogo. Kidogo tu. Alivuta, akapumzika, akavuta tena.

Usiku hautaniambia kama itaendelea. Dawa ya lopitalo nayo bado anaipata, na kesho watasema ni dawa, na Mama atasema ni mkasi, na mimi nitakaa katikati na tai yangu. Nilipoondoka, Albertina alinisindikiza hadi barabarani. Hakusema tumepatana. Alisema, yaya, ukuje kesho kula.

Sasa ninaangalia ukuta wangu. Kioo kitupu. Sina gazeti, sina jina, na lile andiko zima bado halina pa kwenda. Ile ya magoti nimeichana, Padri atanisamehe ao hatanisamehe. Nina hasira bado, asifikiri mtu kwamba nyimbo zimenituliza. Ningetaka kuliona limepigwa chapa, lote, na kitambaa kiunoni. Nitaendelea kusumbua watu. Mahali fulani lazima kuna mwendawazimu mwenye mashini ya chapa.

Lakini siku ya kwanza ya juma, kabla ya kazi, nitapita kwanza kwa Bwana Kipimo. Huenda kwenye kabati lake yamebaki magazeti ya mwezi ule. Nitamwomba kwa adabu, nitasema hata asante nikilazimika. Ataniuliza ninataka ngapi, na atashangaa, maana mtu mmoja ana macho ya kusoma gazeti moja.

Nitamwambia mawili.